Dakika Kumi Baada ya Mzinga

Baraza letu ni benchi mbili za mbao zilizotazamana nje ya mkahawa, Muharraq, mji wetu wa kisiwani, mtaa wa pili kutoka sokoni, na anayetuhudumia ni Koya, Mhindi wa Malabari ambaye amemimina kahawa hapa miaka thelathini na moja na anatujua kuliko wake zetu. Kila siku baada ya Alasiri utamkuta hapo Redio, ambaye jina lake la cheti ni Atiki na ambaye hajawahi kupewa habari akakubali kwamba alikuwa haijui. Utamkuta Bu Ghanim, yaani baba yake Ghanim, karani mstaafu wa forodha, mtu wa kunyoosha kanzu kabla ya kukaa. Na utamkuta Marehemu. Huyu hajafa. Jina lake ni Thani, tunamwita Marehemu kwa sababu mwaka wa sabini na tisa alizama baharini kwenye filamu ya televisheni, akiwa mpigambizi wa lulu, mbele ya nchi nzima. Mimi nakaa mwisho wa benchi na wananiita Mizani, maana nimeuza samaki maisha yangu yote, na mtu akiyaongezea maneno uzito nausikia kiganjani. Siku ninayoisimulia, Bu Ghanim alikuja amenuna, akakaa bila kunyoosha kanzu, tukajua kuna jambo.

Redio: Kahawa imekukosea nini, Bu Ghanim? Unaitolea macho tangu ulipokaa.

Bu Ghanim: Ghanim anataka kuoa.

Redio: Na hilo ndilo la kununia? Wangu ana miaka thelathini na nne. Ukimtajia harusi anajifanya amepigiwa simu.

Bu Ghanim: Anataka kuoa kwa Faraj.

Marehemu: Faraj yupi?

Bu Ghanim: Kwani wewe unawajua wangapi? Faraj bin Sarur. Anamtaka mjukuu wake, Moza. Wanafanya kazi hospitali moja, yeye maabara, binti muuguzi. Wanangoja nikubali kwenda kuposa. Jibu lilikuwa litoke leo.

Redio: Umejibu nini?

Bu Ghanim: Nimemwambia asubuhi, mama yake akisikia. Kwa Faraj miguu yangu haiendi. Akaondoka chai yake imejaa kikombeni.

Faraj alikuwa mtu wa mtaa huu huu. Katika ile filamu yeye alikuwa mvutaji. Wazee wetu walipokuwa wakienda kwenye lulu, mpigambizi alishuka na jiwe mguuni na kamba kiunoni, na juu, ukingoni mwa jahazi, palikuwa na mtu mmoja tu aliyeishika kamba ile. Mpigambizi akiitikisa, mvutaji anavuta. Asipovuta, basi tena. Mvutaji hachaguliwi na nahodha wala na baba. Mpigambizi anakwenda mwenyewe kwa mtu anayemwamini na kumwomba kwa mdomo wake. Sasa Faraj, dhoruba ilipokuja, aliachia kamba. Mtaa mzima tuliona. Tangu jioni ile akawa Faraj Mwachia. Hakuna aliyemtukana wala kumgusa. Ila ikivutwa mashua ufukweni naye akasogea kusaidia, mtu atamwambia wewe pumzika. Mashindano ya kuvuta kamba siku ya sikukuu, hapangwi upande wowote. Watoto wake walirudi kutoka shuleni wanalia. Mwishowe akapata nyumba ya serikali Mji wa Hamad, akahama na vyombo vyake, na hakuna hata mmoja wetu aliyembebea godoro.

Marehemu: Mimi mwenyewe sina kinyongo naye.

Redio: Wewe ulishakufa, kinyongo utakitoa wapi?

Marehemu: Nasema kweli. Ila mama yangu, Mungu amrehemu, aliapa nyumba yetu na ya Faraj zisiingiliane tena. Nami siwezi kuvunja kiapo cha mama.

Bu Ghanim: Si ndiyo hayo ninayosema? Kesho mtu atamwuliza mjukuu wangu, babu wa mama yako ni nani. Aseme nani? Faraj Mwachia?

Mimi: Bu Ghanim, ile ilikuwa filamu.

Bu Ghanim: Filamu, sawa. Na mkono ulioachia ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa filamu?

Redio: Hapo umesema. Mtu huigiza kilichomo ndani yake. Mwangalie yule aliyekuwa nahodha. Si alikuwa mkali hata mtaani?

Mimi: Alikuwa akiuza mapazia.

Redio: Basi alikuwa mkali wa mapazia. Kanunue kwake uone.

Koya akapita na dele la kahawa, akatujazia vikombe, na Marehemu akaanza kulainika. Ukimtajia filamu ile lazima alainike. Ilikuwa inaitwa "Msimu wa Kamba", ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni tu, kwa ajili ya Ramadhani, na ilionyeshwa mara moja. Baada ya hapo ikapotea. Wengine walisema mkanda uliungua, wengine walisema walirekodi mechi ya mpira juu yake.

Marehemu: Lakini zile ndizo zilikuwa filamu za bahari. Siku hizi mtu anavuka dhoruba tatu na nywele zake bado zimechanwa. Sisi tulilowa. Siku ya kwanza tu nimemeza maji ya kunitosha mpaka leo.

Redio: Dhoruba ilikuwa mpira wa zimamoto.

Marehemu: Mpira wa zimamoto ndiyo, lakini maji yalikuwa maji. Yalinipiga shingoni nikaanguka juu ya mpishi.

Mimi: Na yule papa?

Marehemu: Papa alitengenezwa kwa matairi ya lori. Alipakwa rangi jana yake, hajakauka. Kila aliyeumwa naye alitoka na alama nyeusi.

Bu Ghanim: Mimi nakumbuka muimbaji wa jahazini alivaa saa ya mkono.

Redio: Na ndege ikapita juu. Jahazi la mwaka wa ishirini na tano, na ndege ya abiria inapita. Mama yangu akasema, hao ndio watakaowaokoa.

Tukacheka, hata Bu Ghanim midomo yake ikalegea kidogo. Nitasema ukweli, hakuna nilichokipenda katika ujana wangu kuliko jioni ile, televisheni moja imetolewa nje kwenye benchi hizi, nyaya zimepitishwa dirishani, watu sitini na njaa ya Agosti tumboni, tunamtazama mtoto wa mtaa wetu akishuka chini ya maji. Lakini kicheko hakikukaa. Redio hapendi jambo lipite bila yeye kulieleza.

Redio: Mnajua kwa nini aliachia?

Bu Ghanim: Woga.

Redio: Siyo woga. Ilikuwa lulu. Thani alikuwa amepata lulu kubwa kule chini, Faraj kaiona.

Mimi: Aliiona vipi, na mwenyewe yuko chini pima nane?

Redio: Ilimulika.

Marehemu: Sikuwa na lulu. Nilikuwa na chaza za plastiki, kumi na mbili, nikaambiwa nizirudishe zote.

Redio: Ulikuwa nayo, hukuambiwa. Halafu sikiliza, kuna watu wa Kuwait walikuwa na filamu yao ya bahari mwaka ule ule. Walitaka yetu iharibike. Wakampitia nani? Wakampitia mvutaji.

Bu Ghanim: Yaani Faraj alitumwa?

Redio: Nasema nilichosikia. Na kamba yenyewe haikuwa ya filamu. Ilikuwa kamba ya kweli ya babu yake, yule Sarur mkubwa, na inasemekana babu huyo naye kuna mtu alimwacha chini. Kamba imezoea.

Mimi: Redio, kamba haizoei.

Redio: Wewe umeuza samaki, utajua nini habari za kamba? Mwulize Thani aliona nini kule chini.

Marehemu: Niliona miguu ya mpiga picha.

Redio: Na nyuma ya miguu?

Marehemu akafikiri. Hapo ndipo nilipojua tumeharibikiwa, maana mtu akishafikiri juu ya swali la Redio amekwisha.

Marehemu: Kulikuwa na kivuli, kwa kweli. Kirefu. Sikupata kukisema kwa mtu.

Redio: Umeona? Jini. Faraj kalipa kamba, jini kachukua. Na ukitaka kujua, yule aliyeibuka baadaye akarudi nyumbani kwa mama yake huenda si Thani kabisa.

Bu Ghanim: Astaghfirullah, mtu yuko hapa anakunywa kahawa.

Redio: Sisemi ni nani. Nasema huenda.

Basi Redio akatia mkono mfukoni, akatoa simu, na akaishika juu ili tuione vizuri. Akasema alikuwa ameiweka habari hii tangu asubuhi, anangoja kahawa ya pili. Binti wa yule mwongozaji wa filamu, baada ya baba yake kufariki, alikuta sandukuni kanda za zamani, akazipeleka zikasafishwa, na wiki hii ameziweka mtandaoni. "Msimu wa Kamba" ipo, nzima. Binti yake Redio ndiye aliyemtumia.

Marehemu: Ipo?

Redio: Ipo. Sijaitazama. Nilisema nitazame na nyinyi. Na wewe Bu Ghanim, ni bahati yako. Mwonyeshe kijana ushahidi. Mwambie mtazame babu ya mchumba wako, kisha uniambie kama miguu yangu ina makosa.

Bu Ghanim: Weka pale pale kwenye dhoruba.

Simu ikategemezwa kwenye bakuli la tende, tukahamia benchi moja, watu wanne wazima tumebanana. Koya akasimama nyuma yetu na dele mkononi. Redio akaisogeza picha mbele mpaka akapata dhoruba, na ilikuwa ile ile. Maji yanakuja kutoka upande mmoja tu. Mpishi anaanguka kabla hajapigwa. Muimbaji na saa yake. Marehemu akajiona ana miaka ishirini, kifua wazi, anaziba pua kwa kibanio cha mfupa na kushuka, na akaweka mkono mdomoni. Hakuna aliyemtania.

Kisha akaja Faraj. Nilikuwa nimesahau alivyokuwa kijana. Amekaza miguu ukingoni, kamba imepita mikononi, nahodha anamfokea wang'oe nanga waondoke, naye hamtazami, anatazama maji tu. Kamba inatikisika. Anavuta, haiji, imenasa chini. Picha ikasogea karibu na mikono yake, mikono tu. Vidole vikafunguka. Kamba ikaanguka sakafuni.

Bu Ghanim: Haya. Nani ana neno?

Redio: Hakuna mwenye neno. Tuliona, na tumeona tena.

Akanyoosha kidole aizime.

Koya: Baba, bado.

Redio: Bado nini?

Koya: Mstari wa chini. Bado dakika kumi.

Tukatazama. Kweli, ule mstari mwekundu wa chini ya picha ulikuwa haujafika mwisho. Dakika kumi na sekunde kadhaa. Redio akasema hayo ni majina ya watu. Koya, ambaye hajawahi kubishana na sisi hata juu ya sukari, akasema majina hayaendi dakika kumi. Wakati wakibishana hivyo picha ilikuwa inaendelea.

Mikono ya Faraj ikainama, ikaiokota ile kamba, na kuizungusha kiunoni mwake. Mara moja, mara mbili, fundo. Nahodha akamkamata bega, akamwambia umepata wazimu, mwenzio amekwenda. Faraj wa filamu akageuka kwa mara ya kwanza, akasema polepole, "Huyu alikuja kuniomba mwenyewe." Kisha akaruka. Hakuwa na jiwe wala kibanio cha pua, aliruka na nguo zake. Bahari ikajifunga. Dakika zilizobaki ni nahodha na mabaharia wamesimama ukingoni wanatazama maji, hakuna anayesema, jahazi haliondoki, na mwisho kabisa majina yakaanza kupita. Jina la Faraj bin Sarur lilikuwa la pili.

Mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika goti la Marehemu na sikumbuki niliuweka lini. Koya alikuwa ameinamisha dele na kahawa inamwagika kwenye kiatu chake, hana habari. Nimeona watu wakiletewa msiba kwenye benchi hizi, na hawakuwa na sura tulizokuwa nazo sisi jioni ile.

Redio: Wamebadilisha.

Mimi: Nani kabadilisha?

Redio: Watoto wa siku hizi. Wana kompyuta. Wanaweza kukutia wewe hapo ukaruka.

Mimi: Atiki.

Nilimwita jina lake la cheti, jambo ambalo sijalifanya tangu mazishi ya baba yake.

Bu Ghanim: Wewe ulitusimulia mwisho. Ulisema Faraj alikwenda akakaa na wenzake, jahazi likaondoka, wakala wali.

Redio: Nilisema hivyo?

Bu Ghanim: Ulisema hapa hapa. Kwenye benchi hii.

Redio: Mimi nilisimuliwa na shemeji yangu Jasim.

Mimi: Jasim alikuwa na mimi. Mzinga ulipolia tuliondoka pamoja. Alikula kwetu.

Koya: Mzinga gani?

Ikabidi tumweleze Koya, na katika kumweleza ndipo tulipojisikia wenyewe. Ilikuwa Ramadhani. Filamu ilianza baada ya Alasiri, ndefu, na vidole vya Faraj vilipofunguka tu, mzinga wa futari ukalia. Picha ikakatwa kwa adhana. Watu sitini wakasimama kwa pamoja. Kila mtu mbio nyumbani kwake, tende, maji, harisi, kaimati, halafu sala. Kumbe adhana ilipokwisha filamu ilimalizia dakika zake kumi, na tuliporudi kwenye benchi kuvuta pumzi, televisheni ilikuwa inaonyesha mashairi. Nusu saa ile katika mji mzima hakuna mtu aliyekuwa mbele ya televisheni, na waliotengeneza filamu nao nadhani walikuwa wakifuturu.

Koya: Kwa hiyo nani aliona mwisho?

Hakuna. Tuliwataja mmoja mmoja, walio hai na waliotangulia, mwenye duka la baiskeli, imamu, wale ndugu watatu waliotoka kijiji cha Hidd, na kila mmoja alikuwa sahanini. Kila mmoja alikuwa amesimuliwa na mwingine wetu.

Bu Ghanim: Thani. Wewe ulikuwemo ndani ya filamu. Wewe je?

Marehemu: Nilikuwa chini ya maji, Bu Ghanim. Juu nilijua nini? Masikio yalivuja usaha siku ya nne, wakanirudisha nyumbani. Hayo ya juu waliyapiga picha siku ya tano na ya sita, bila mimi. Kila mtu alipewa maneno yake tu.

Bu Ghanim: Na siku ilipoonyeshwa?

Marehemu: Nilikuwa nyumbani na mama. Kamba ilipoanguka alipiga yowe, akachukua mswala wake akaifunika televisheni. Akasema Faraj kaniulia mwanangu. Nami nimekaa pembeni yake, mzinga umeshalia, kaimati mdomoni. Nikamwambia mama, mimi huyu hapa. Akasema nyamaza, nimeona kwa macho yangu. Kesho yake akaenda kwa mama yake Faraj, akamrudishia sufuria waliyokuwa wameazimana. Hawakusemezana tena mpaka wakafa wote wawili.

Mimi: Na wewe ukakubali?

Marehemu: Nilikuwa na miaka ishirini. Mtaa mzima unanililia, akina mama wananiletea chakula kwa sababu nimekufa vizuri. Nilipenda, Mizani. Mungu anisamehe, nilipenda.

Kisha akasema jambo ambalo hakupata kulisema kwetu miaka yote. Mwongozaji alitaka kumpa mvutaji mwingine, mtu wa mjini mwenye sura nzuri. Thani akakataa. Akasema mimi naogopa maji ya kina, na nikishuka nitashuka kwa Faraj tu. Akaenda mwenyewe nyumbani kwa Faraj, jioni, akamwomba kwa mdomo wake, kama walivyofanya babu zetu. Faraj alikuwa fundi wa friji, hakuwa na haja na filamu. Alikuja kwa sababu ya kuombwa. Yale maneno aliyoyasema kabla ya kuruka, Marehemu hakujua ni ya nani, ya mwandishi au ya Faraj mwenyewe.

Na mimi nilikuwa na langu. Lilikuwa likinirudia tangu kamba ilipozungushwa kiunoni, nikaona nisipolitoa sasa sitalitoa. Siku ya pili ya Idi mwaka ule, Faraj alipita hapa. Alisimama pale, palipo na mtungi wa maji sasa, amevaa kanzu mpya, na akatuuliza, "Mliona mwisho?" Alikuwa anatabasamu. Alidhani tutamsifu. Nami ndiye niliyejibu. Nilimwambia, "Tuliona." Nikampa mgongo. Niliona aibu kulisimulia mbele ya Koya, lakini nililisimulia lote.

Redio alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimngoja atoe habari mpya, akatoa leso tu.

Bu Ghanim: Nipeni simu yangu. Iko mfuko wa kushoto, mnitafutie Ghanim.

Nikamtolea, nikamtafutia jina la Ghanim, nikaweka sauti ya nje kwa sababu sikio lake la kulia halisikii. Ikaita sana.

Ghanim: Naam, baba.

Bu Ghanim: Uko wapi?

Ghanim: Mji wa Hamad. Niko kwa mzee Faraj.

Bu Ghanim: Unafanya nini huko?

Ghanim: Nimekuja kuwaambia jibu lako. Nisingeweza kuwaambia kwa simu, baba. Wamenipokea vizuri siku zote.

Bu Ghanim: Umeshawaambia?

Ghanim: Nimeshawaambia.

Bu Ghanim akafumba macho. Tulikuwa tumeshtuka mara nyingi jioni ile, lakini hii ilimpiga yeye peke yake, na nilimwona akizeeka hapo hapo alipokaa.

Bu Ghanim: Mzee kasemaje?

Ghanim: Amesema nimalize chai kwanza, barabara ina magari.

Bu Ghanim: Yuko karibu?

Ghanim: Yuko hapa.

Bu Ghanim: Mpe simu, mwanangu. Mwombe kwa adabu, akikataa usimlazimishe.

Tukasikia kiti kikisogezwa, na mtoto mdogo akiambiwa ashushe televisheni. Halafu pumzi ya mtu mzima.

Faraj: Nani?

Bu Ghanim: Mimi Abdulwahid. Baba yake Ghanim. Wa mtaa wa soko.

Faraj: Ndiyo.

Bu Ghanim: Mzee wangu, tumeiona filamu. Leo. Tumeiona mpaka mwisho.

Koya akaangalia kama simu imekatika. Haikukatika, sekunde zilikuwa zinahesabika.

Bu Ghanim: Nimekukosea, na kijana wangu nimemkosea, na binti yenu. Niliyoyasema asubuhi nayafuta. Nataka kuja. Sitaji posa, nakuja kuomba radhi. Hayo mengine utaamua wewe na watu wako, hata ukiniambia nirudi nilikotoka nitarudi. Na wenzangu wako hapa, wanasikia. Wote tulikosa.

Faraj: Njoo. Chai ipo.

Bu Ghanim akabaki kutikisa kichwa, kana kwamba yule wa upande wa pili anamwona.

Faraj: Thani yupo hapo?

Marehemu alikuwa ameketi kati yangu na Redio, goti lake limegusana na langu. Alifungua mdomo. Redio akamgusa ubavuni kumhimiza, mimi nikamsogezea simu, na yule mzee wa Mji wa Hamad akauliza tena, safari hii polepole zaidi, kwamba anamwuliza Thani, kama yupo. Marehemu akaipokea simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu kabisa na mdomo, na machozi yakimtiririka ndevuni hakuweza kumjibu kwamba yupo.